Makaburi ya misheni Bagamoyo na mengine ya pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipeleka watu makaburini Bagamoyo: wanafunzi wa sekondari, mahujaji, wapita njia, na wazee waliokuja kutafuta jina la babu. Maswali yao yanafanana. Nimeyaandika hapa kama ninavyoulizwa, na kuyajibu kama ninavyojibu nikiwa nimesimama kivulini mwa mwembe.

Makaburi yanayozungumzwa hapa ni yapi?

Hasa ni yale ya walowezi wa kwanza wa misheni ya Wakatoliki, yaliyo ndani ya eneo lake, kaskazini mwa mji. Unafika kwa kupita njia yenye miembe pande zote mbili, iliyopandwa mwaka 1871. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 chini ya Padre Antoine Horner, wakapewa ardhi, wakaanza kujenga. Walikuja na masista, na walikuja na watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Kijiji cha watu hao walioachwa huru kilikua pembeni ya misheni.

Bagamoyo kuna makaburi mengine yanayochanganywa na haya. Yako ya Wajerumani karibu na ufuko, takriban ishirini, mengi yakiwa ya wanajeshi waliokufa katika miaka ya mwanzo ya utawala wao. Na yako ya Kaole, kusini mwa mji, yenye nguzo za mawe na misikiti miwili ya kale, ambayo umri wake ni karne nyingi kabla ya misheni. Kila mahali pana habari yake.

Kwa nini mnawaita “walowezi”? Mlowezi si Mzungu mwenye shamba?

Kwa matumizi ya leo, hasa kwa ndugu zetu wa Kenya, ndivyo neno linavyosikika. Lakini kulowea ni kuhamia mahali na kukaa hadi ukawa mtu wa hapo. Kwa maana hiyo padre aliyetoka Ufaransa ni mlowezi, na mtoto wa Kiyao aliyeshushwa jahazini akakabidhiwa misheni ni mlowezi vilevile. Tofauti yao ni kubwa: mmoja alichagua kuja, mwingine hakuulizwa. Wote wawili hawakurudi kwao, na wote wawili wamo katika udongo uleule.

Watu wa Bagamoyo waliwaita wote “Wamisheni”. Unguja, watu walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza waliitwa “mateka”. Nayataja majina haya kwa makusudi, maana ukisoma kibao kinachosema “waasisi wa misheni” utadhani ni mapadre peke yao.

Na tusiseme “wa kwanza” bila kufikiri. Kaole ilikuwa na misikiti na maziara karne nyingi kabla ya padre wa kwanza kukanyaga ufuko huu. Wa kwanza wa misheni, sawa. Wa kwanza wa Bagamoyo, hapana.

Thamani yake ni nini hasa? Si mawe tu yaliyochakaa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nitakaa nalo.

Eneo la makaburi ni daftari lililoandikwa na watu waliokuwa wakiishi siku ileile ya tukio. Barua ya padre kwa wakubwa wake Ulaya inaweza kuwa imepambwa ili misaada ije. Ripoti ya balozi inaweza kuwa imeficha jambo. Jiwe la kaburi nalo lina uongo wake mdogo wa heshima, lakini tarehe zake, umri, mahali alipotoka marehemu, lugha iliyotumika na jinsi makaburi yalivyopangwa, hayo hayakuandikwa kumshawishi mfadhili. Simama katikati ya mistari ya misalaba, hesabu umri, na utaona gharama ya kazi ile kuliko utakavyoiona katika kitabu chochote cha historia ya shule.

Lugha pekee ni somo. Ukikuta Kilatini, Kifaransa, Kijerumani na Kiswahili katika mwendo wa dakika tano, umeona mji huu ulivyopita mikononi mwa watu mbalimbali. Angalia pia vifaa. Marumaru ilikuja kwa meli na ililipiwa. Jiwe la matumbawe lilichimbwa hapahapa na kuchongwa na fundi wa hapahapa. Msalaba wa chuma ulifuliwa karakanani. Msalaba wa mti haupo tena, mchwa wamekwisha kuula, na hapo ndipo penye uzito kwangu: thamani ya mahali hapa haiishii kwenye mawe yanayoonekana. Imo pia katika nafasi tupu zilizo baina yao.

Halafu kuna thamani isiyopimwa na mtaalamu. Siku moja nilimpeleka mama mmoja mtu mzima, aliyekuja na wajukuu wawili. Hakuwa na jina la kutafuta. Alijua tu kwamba bibi yake alikuwa “mtu wa misheni”. Tulifika pasipo na jiwe lolote, penye majani na mwinuko mdogo wa udongo. Akavua viatu, akachutama, akaweka kiganja chake chini kama anayepima joto la mtoto mgonjwa. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaniuliza, “Hapa mtajenga?” Nikamjibu kwamba hapana. Nimeyaandika yote haya ili jibu langu kwake liendelee kuwa la kweli.

Mbona waliozikwa wengi ni vijana?

Homa. Malaria iliwaua wageni kwa namna ambayo leo ni vigumu kuielewa. Kwinini ilijulikana, lakini hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza ugonjwa. Hilo lilithibitishwa miaka ya 1897 na 1898. Mapadre na masista wa kwanza waliamini wanauawa na hewa mbaya ya vinamasi, wakafunga madirisha usiku, na mbu wakabaki nao ndani.

Tena mwanzo wenyewe ulikuwa mgumu. Kipindupindu kikubwa kilipita Unguja na pwani mwaka 1869 na 1870, misheni ikiwa bado changa. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo, kikabomoa majengo ambayo hayakuwa na umri wa miaka mitano. Ukisoma mawe, usiishie kwenye mwaka. Soma na mwezi, uulize kama ni baada ya masika. Wanafunzi wakifanya zoezi hilo wenyewe kwa kalamu na karatasi hawalisahau.

Watu walioachwa huru walizikwa wapi?

Kwa kawaida, katika vijiji vya misheni vya pwani nzima, walizikwa katika ardhi ya misheni kwa maziko ya Kikristo: fungu la udongo, msalaba wa mti, pengine mawe madogo pembezoni au mche uliopandwa kichwani. Vitu hivi vyote, isipokuwa mche uliokua ukawa mti, huisha katika umri wa mtu mmoja. Ndiyo maana ukiingia sehemu nyingi za namna hii unaona majina ya Ulaya yamesimama na majina ya Afrika yamelala chini bila alama.

Hapa ndipo tunapokosea katika utunzaji. Fedha kidogo zikipatikana, tunajenga uzio kuzunguka mawe yaliyochongwa, na nje ya uzio tunaacha gari zipite. Tumekwisha kuamua nani ni urithi na nani si urithi, na tumeamua kwa kigezo cha nani alikuwa na fedha ya marumaru mwaka 1880. Mimi nasema linda ardhi yote. Kabla ya uzio, njia, choo au kibanda cha tiketi, waulizwe wazee, yafunguliwe madaftari ya vifo, uangaliwe udongo. Mwinuko mrefu kiasi cha mtu, safu ya mawe madogo yasiyo na sababu ya kuwa pale, mti wa maua uliosimama peke yake: hizo ndizo alama. Leo pia kuna vifaa vya kupima chini ya ardhi bila kuchimba, na vinaweza kuonyesha palipowahi kufukuliwa.

Je, Livingstone amezikwa Bagamoyo?

Hapana, ingawa naulizwa kila wiki. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Kilichopo Bagamoyo ni mnara wa kanisa la kale unaobeba jina lake. Ndiyo tofauti ya kaburi na kumbukumbu: kaburi lina mtu, kumbukumbu ina habari ya mtu.

Nikishajibu hivyo, huwauliza na mimi swali. Waliombeba kwa miezi ile yote waliongozwa na Susi na Chuma, na Jacob Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti na baadaye kuusindikiza mwili hadi Uingereza. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Kaburi la aliyebebwa linajulikana na dunia nzima. Ya waliobeba, je? Darasa hunyamaza, kisha mtoto mmoja husema, “Hatukufundishwa.”

Kwa nini tutunze makaburi ya Wajerumani waliotutawala?

Swali la haki, na anayeuliza kwa hasira ana haki ya hasira yake. Wajerumani walipolazimisha utawala wao pwani, watu walisimama. Vita vya Abushiri bin Salim vya mwaka 1888 na 1889 vilipita katika mji huu, na Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo pana mahali palipowekwa alama kwamba Wajerumani waliwanyongea watu pale. Si mbali na makaburi yao.

Kuyatunza makaburi hayo si kuwapongeza. Ukiyang'oa, mahali pa kunyongea patabaki hadithi bila upande wa pili: nani alinyonga, alikuwa na umri gani, alikuja lini, alikufa vipi. Ninapowatembeza vijana nawapeleka kwanza penye kitanzi, kisha kwenye makaburi, kwa utaratibu huo, na siwaambii wahisi nini. Kinachonisumbua ni pale makaburi ya askari wa kigeni yanapofagiwa na mahali pa kunyongewa wenyeji panapoachwa kuota magugu. Hapo lawama ni yetu.

Ni kweli kuna dhahabu au rupia za Mjerumani chini?

Si kweli. Chini yuko kijana aliyekufa kwa homa au kwa risasi, akavikwa nguo zake, akafukiwa siku ileile au ya pili yake kwa sababu ya joto. Hakuna aliyezika hazina pamoja naye na kuweka jiwe lenye maandishi juu ili ionekane.

Imani hii ya “mali za Mjerumani” imeharibu makaburi mengi nchini. Watu wanachimba usiku, wanavunja kifuniko, wanakuta mifupa, wanakimbia na kuacha shimo wazi. Mvua ya masika ikija, shimo linajaa maji na kaburi la jirani linatitia. Kuvamia mahali pa maziko ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Na hata kama lisingekuwa kosa, je, ungetaka afanyiwe hivyo mama yako?

Wezi wengine hawachimbi. Wanachukua misalaba ya chuma na minyororo ya kuzungushia, wanauza kwa kilo kama vyuma chakavu. Kama unanunua vyuma chakavu na umeletewa msalaba, unajua ulikotoka.

Sheria inasemaje? Makaburi haya yanalindwa?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo, ngome, maziko na kazi nyingine za mikono ya watu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Tazama mwaka huo kwa makini. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Imechelewa kwa miaka mitano tu! Kwa hiyo makaburi ya misheni, kwa umri wake peke yake, hayaingii katika ulinzi huo wa moja kwa moja.

Lakini mlango haukufungwa. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza mahali kuwa urithi unaolindwa hata kama ni pa baadaye, na tangazo likatoka katika Gazeti la Serikali. Likishatoka, huwezi kubomoa, kubadilisha wala kuchimba bila kibali. Kama una makaburi ya namna hii kijijini kwenu na unataka yalindwe, usianze kwa kulalamika. Anza kwa kuandika: mahali yalipo, mipaka, idadi ya mawe yanayosomeka, picha, maelezo ya wazee, na kwa nini yana maana kwenu. Peleka kwa ofisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri ina nguvu kuliko kelele za mwaka mzima.

Kwa ndugu wa Kenya, sheria yenu ni ile ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa.

Serikali au mwekezaji anaweza kuyahamisha?

Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na inaruhusu makaburi kuhamishwa pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Ina masharti yake: tangazo litolewe, ndugu wasikilizwe, maziko ya pili yafanywe kwa heshima. Udhaifu ni kwamba masharti haya yanamsaidia aliye na ndugu wa kujitokeza. Padre aliyekufa bila mtoto na mtu aliyenyakuliwa Nyasa akiwa na miaka saba, nani atajitokeza kwa ajili yao? Ndiyo maana nasema orodha iandaliwe mapema, kabla ya greda kufika.

Tunataka kuyasafisha siku ya kujitolea. Tuanzie wapi?

Ahsanteni kwa moyo huo. Lakini niwasimulie jambo kwanza.

Kuna makaburi ya misheni bara, sitataja wapi, ambako kikundi cha vijana wema kilikuja na ndoo za chokaa na rangi nyeupe kabla ya sikukuu ya Marehemu Wote. Walifanya kazi siku nzima juani. Jioni pakang'aa. Nilipokwenda mwezi uliofuata, nilipitisha vidole juu ya jiwe nililokuwa nimelisoma mwaka uliotangulia. Palikuwa laini kama yai. Rangi ilikuwa imejaza herufi zote. Nikaenda la pili, la tatu, hivyohivyo. Nilikuwa na picha za mawe manne tu. Yaliyobaki, sijui tena yalisemaje, na aliyenifungulia lango hakujua kwa nini nimekaa chini.

Basi utaratibu ni huu. Siku ya kwanza msiguse jiwe. Pigeni picha kila kaburi, chora ramani, andikeni kila herufi inayoonekana hata kama haina maana. Siku ya pili fyekeni majani kwa mkono, si kwa moto, maana jiwe la matumbawe likipata moto linapasuka na chokaa yake inalegea. Majani yaliyo karibu kabisa na jiwe yakatwe kwa mkasi, msiyang'oe.

Mkilazimika kuosha, ni maji safi na brashi laini, kuanzia chini kwenda juu ili uchafu usichirizike na kuacha michirizi. Msitumie brashi ya waya, sabuni ya unga, dawa ya kung'arishia nguo, wala asidi ya kusafishia vyoo. Asidi inakula marumaru na matumbawe kwa sababu vyote viwili ni chokaa kwa asili yake. Jiwe litatoka jeupe sana siku hiyo na litaanza kumomonyoka kama chumvi.

Miti msiikate kwa pupa. Mzizi uliokwisha kuingia chini ya kaburi unaweza kuwa ndio unaolishikilia. Mkiua mti, mzizi unaoza, shimo linabaki, jiwe linaporomoka.

Kaburi limepasuka. Tuzibe kwa saruji?

Hapana, tafadhali. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Jiwe la matumbawe na lipu ya chokaa hupumua: maji yanaingia masika na kutoka kiangazi. Ukiziba kwa saruji, maji yanabanwa ndani pamoja na chumvi ya bahari, chumvi inaganda na kuvimba, na jiwe linabomoka kutoka ndani huku saruji yako ikibaki nzima. Utaona ganda la saruji limesimama kama sanduku, ndani yake unga.

Tumia chokaa ya kuchoma na mchanga, kama mafundi wa zamani, na mpate fundi anayeijua kazi hiyo. Bado wapo pwani na Unguja, kwa sababu nyumba za mawe haziishi kuhitaji ukarabati. Kanuni inayoongoza wahifadhi wengi duniani, iliyo katika Hati ya Burra ya Australia ya mwaka 1979, ni fupi: badilisha kile tu kinacholazimu, na kidogo kadiri iwezekanavyo.

Maandishi hayasomeki. Nifanyeje?

Njoo asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala. Mwanga wa pembeni unaingiza kivuli ndani ya herufi. Saa sita mchana jiwe lilelile halina kitu. Kama kaburi liko kivulini, chukua kioo cha kawaida, mwenzio asimame juani akuelekezee mwanga upande mmoja wa jiwe. Usiku tochi iliyolazwa chini inafanya kazi hiyo vizuri sana. Piga picha kadhaa, ukibadilisha upande wa mwanga kila mara.

Usipake chaki, mkaa wala unga. Na usikwaruze kuvu kwa kisu ili uone herufi. Mara nyingi herufi ndiyo inayotoka pamoja na kuvu.

Natafuta babu au bibi aliyekuwa mtu wa misheni. Nianze wapi?

Anza nyumbani, kwa wazee, kabla hujaanza mawe. Kisha omba ruhusa kuona madaftari ya parokia: ubatizo, ndoa, vifo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliandika shajara za misheni siku kwa siku, na nyaraka za shirika zimehifadhiwa Chevilly-Larue karibu na Paris. Kwa misheni za Kianglikana, nyaraka za CMS (Church Missionary Society) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ziko Oxford.

Jiandae kwa ugumu wa majina. Mtu alibatizwa akaitwa Yosefu au Maria, na jina la kwao likapotea au likaandikwa kwa masikio ya Kifaransa. Wakati mwingine mwandishi aliweka kabila au nchi: Myao, Mnyasa, Mzigua, Mmanyema. Neno hilo moja linaweza kuwa ndilo pekee lililobaki kuonyesha ulikotoka ukoo wako.

Naomba jambo moja. Si kila familia inataka ijulikane kwamba mzee wao alikuwa mtumwa. Aibu hiyo si yao, ni ya waliouza na kununua, lakini ipo na inauma. Usichapishe mtandaoni majina na neno “mtumwa” bila kuzungumza na watu wa ukoo.

Mimi ni Mwislamu, naweza kuingia?

Karibu. Mji huu ni wa Waislamu kwa wingi, na majirani wamezikana tangu zamani. Vaa kwa stara, usikae juu ya makaburi, muombe ruhusa mlinzi wa mahali. Heshima ileile tunaiomba kwa wageni wanaokwenda Kaole.

Kuna sehemu nyingine za namna hii pwani?

Zipo, na ningependa zisomwe kama kitabu kimoja. Mbweni, Unguja, UMCA walinunua ardhi mwaka 1871 na kukaliwa na watu walioachwa huru. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilijengwa 1882, na pale yuko Caroline Thackeray, mwalimu wa shule ya wasichana aliyefariki 1926. Kisiwani Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, wamezikwa mabaharia wa Kiingereza, akiwemo Kapteni Brownrigg aliyeuawa mwaka 1881 akipambana na jahazi la watumwa.

Mombasa, upande wa Nyali, ndiko alikozikwa Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki tarehe 13 Julai 1844 siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye hakuishi. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Jirani na hapo ni Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu walioachwa huru. Kengele yao ya kuonya hatari imeacha jina la mtaa mpaka leo, Kengeleni, na maelfu wanaoshuka kwenye matatu pale hawajui wanashukia kwenye kumbukumbu. Rabai pia usiipite: Januari 1889 watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika misheni za eneo lile walipewa hati za uhuru.

Bagamoyo si tayari ni Urithi wa Dunia?

Bado. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO tangu 2006. Kuwa kwenye orodha hiyo si ulinzi.

Nimekuta jiwe limeanguka na kuvunjika. Nifanye nini sasa hivi?

Usilisimamishe. Piga picha lilivyo, karibu na mbali, na kitu cha kupimia kama kalamu kando yake. Vipande viache palepale vilipoangukia, kwa sababu mahali vilipo ndipo panapoonyesha jiwe lilisimama wapi na lilielekea upande gani. Kama kipande kidogo chenye maandishi kiko njiani na kitakanyagwa, kisogeze hadi mguuni pa kaburi hilohilo, uandike umekitoa wapi. Usikipeleke nyumbani wala ofisini. Vilivyohamishwa “kwa usalama” ndivyo ninavyovikuta baada ya miaka chini ya ngazi, bila mtu anayejua ni vya nani. Kisha mwambie mlinzi wa mahali au paroko, umwachie picha na namba yako.